Kuku wa Harusi na Miguu ya Anziza

Moroni, Badjanani
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Bakari, mkubwa wangu,

Shikamoo. Mkono wako naubusu toka hapa nilipo, na Mungu anajua ningependa kuubusu kwa mdomo wangu, si kwa kalamu. Barua hii ikikufika tafadhali kaa chini kwanza. Ni ndefu, na wewe nakujua, ukiwa umesimama dukani unasoma mistari ya juu na ya chini halafu unasema umeelewa.

Mama hajambo? Kile kifua kimepungua, au bado anakohoa huku anakataa kwamba anakohoa? Na wifi yangu Mama Rukia, mgongo umetulia baada ya pirikapirika zote zile? Na huyo mkwe wetu mpya ameshaizoea nyumba, au bado anatoka asubuhi viatu mkononi asije akakuamsha? Mimi huku mwili wangu mzima, namshukuru Mola. Moyo ndio si mzima.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani na kwa Kiswahili chetu cha Unguja tulichokulia, maana Kifaransa sikijui, na maneno ya kwetu Nzwani nayasema tu, sijawahi kuyaandika. Tena sitaki mtu anishikie kalamu. Nataka haya yakufike kama yalivyotoka kwangu.

Mke wa fundi saa alinifikishia maneno yako jana. Alinikuta ukumbini hapa hospitali, akayatoa kwa sauti ya mtu anayenadi vitambaa sokoni: "Kakaako anasema fungasha! Jumamosi anakuja kwa ndege, anamchukua mtoto kumpeleka kwa mwalimu wa Ouani akamfungue alichofungwa. Na yule wifi yako Halima asimguse hata kwa ncha ya kidole!" Kaka, Halima alikuwa nyuma yangu pale pale, kashika beseni la maji ya kumwoshea Anziza. Alisikia kila neno. Wagonjwa wa chumba kizima walisikia.

Hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Anziza hawezi kutolewa hapa. Akitolewa naogopa hatafika. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, ili ukija Jumamosi uje kumtazama, si kumchukua.

Unawakumbuka kuku wa kupaka wa harusi ya Rukia. Halima alikaa uani na majiko yake tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Na unajua mapishi yetu, kuku anababuliwa kwanza juu ya makaa, nusu tu, ndipo aingie kwenye tui akaivie humo. Na wasichana nao wana kawaida yao, kuiba nyama kwenye chanja kabla haijaingia chunguni. Hata mimi niliiba nikiwa msichana, na wewe ulinisemea kwa Mama. Basi Anziza akaiba paja. Halima akamkimbiza na upawa uani kote, watu wanacheka, mtoto anatafuna huku anakimbia. Niliuona mfupa kwa macho yangu, una wekundu. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo bichi!" Akanijibu, "Mama, nyama ya kuiba haingoji kuiva."

Siku chache baadaye tumbo likamshika. Wewe ulikuwa umekwenda Domoni kwa shughuli zako, hukuona. Homa, tumbo kusokota, na kuharisha hata kukawa na damu kidogo. Wasichana wawili watatu wengine walioiba naye pia waliharisha, lakini wao ilikuwa nyepesi. Nikampa maji ya mchele na majani ya mpera, likakata. Mama akatoa sadaka ya maandazi kwa watoto wa chuo, tukaona yamekwisha. Tukapanda ndege hapo Ouani tukarudi Moroni, mimi kwenye cherehani yangu, yeye kwenye masomo yake.

Yalikuwa hayajaisha. Siku moja anaoga ananiita, "Mama, nyayo zangu zinachemka kama soda." Nikamwambia ni uchovu. Kesho yake ndara inamtoka mguuni naye hana habari, anakwenda mguu mmoja mtupu hadi mtu wa duka akampigia kelele. Halafu ikawa ngazi, hawezi kuzipanda. Halafu, kaka, alasiri moja tulikuwa tunasali pamoja, akasujudu hakuinuka. Nilitoa salamu mimi, yeye bado yuko chini. Nikadhani anaomba dua ndefu. Nilifurahi, kaka. Nikasema moyoni, mtoto huyu amekua, amemjua Mola wake. Kumbe mwenzangu anajaribu kunyanyuka hawezi, na analia ndani ya mkeka nisimsikie.

Vichochoro vya Badjanani unavijua, gari haiingii. Vijana wa jirani wakambeba kwenye kiti cha mbao mpaka barabara kubwa. Tukakuta barabara imefungwa. Walinzi wa rais wanapita, wale wazungu wa kukodi wa nguo nyeusi. Tukasimama juani na mtoto kwenye kiti kama tunauza kiti. Mmoja wao alitutazama, akatutazama tena, akainua mkono tungoje. Tukangoja. Nani anawauliza hao? Magari yao yakapita, vumbi likashuka, ndipo tukavuka.

Halima alipopata habari alikuja na ndege ya kwanza. Hakuitwa na mtu.

Sasa daktari. Ni kijana mwenyeji wa Mitsamiouli, amerudi juzijuzi kutoka masomoni Ufaransa, bado ndevu hazijajaa. Akampiga Anziza gotini kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukalala kama si wake. Akapiga goti la pili, vilevile. Akanipiga mimi, mguu wangu ukaruka ukampiga teke. Anziza akacheka. Hapo alikuwa bado anacheka kwa mdomo wote.

Daktari akauliza, "Kabla ya miguu kulegea, aliumwa tumbo? Aliharisha? Alitapika?"

Na nani alikuwa amekaa kando ya kitanda saa hiyo? Bweni Zaliha, bibi huyo mama wa mchumba wa Anziza, na papai lake kwenye sahani, macho yanakwenda huku na huku. Msichana mchumba, tumbo, kutapika! Wewe unazijua fikra za wakwe. Kabla sijafungua mdomo Halima akaruka: "Tumbo? La, la, la! Mtoto wetu tumbo lake chuma. Tangu kuzaliwa halijamlilia." Nami nikanyamaza. Hata Anziza alifumba macho, akajifanya kalala.

Daktari akaandika, akaondoka amekunja uso. Ikawa siku hiyo wanamtoa maji ya mgongo, wanampima, wanaulizana wao kwa wao. Bweni Zaliha alipotoka kwenda kusali alasiri, nilimkimbilia daktari uani. Nikamwambia yote. Kuku, paja, damu, maji ya mchele. Yule kijana akaegemea ukuta akapumua. "Bibi," akasema, "hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu asubuhi."

Akarudi nasi kitandani, akatueleza polepole, na mimi nakuandikia nilivyoshika. Kwenye kuku mbichi hukaa mdudu mdogo asiyeonekana. Ukimla kabla moto haujamuua, anaingia matumboni, na kuharisha ni kazi yake. Mwili unaamsha askari wake wanapigana naye, wanamfukuza, tumbo linapoa. Kwa watu wengi yanaishia hapo. Lakini ngozi ya mdudu huyo inafanana na kitu tulicho nacho sisi wenyewe. Anasema mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri miguuni na mikononi, ina kitu cha kuifunika kama waya wa umeme unavyovikwa mpira. Basi askari wameshamfukuza mdudu, bado wana hasira, wanaona hicho kitu kinachofanana naye, wanakirukia. Wanaubomoa mpira wa waya. Amri inatoka kichwani haifiki mguuni. Mwili unajipiga wenyewe.

Halima akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aa. Kumbe kama hawa walinzi wetu wa kukodi. Wakishamaliza mwizi wanahamia kwa mwenye nyumba."

Daktari akautazama mlango. Halafu akajifanya anatafuta kalamu mfukoni, akasema, "Bibi, sikio langu hili halisikii vizuri." Anziza ndiye aliyecheka, na hapo ndipo nilipoona mdomo umeanza kwenda upande.

Nikamwuliza daktari swali lako, kaka, maana nalijua, nami mwenyewe lilikuwa linanila. Wengine walikula kuku yule yule, wengine waliharisha pia, mbona huyu peke yake? Hakunificha. Akasema, "Sijui, mama. Miili haifanani. Wakubwa wangu huko Ulaya wameanza kuandika habari hizi miaka ya karibuni tu, na wako ambao bado hawajakubali. Ila mgonjwa wa namna hii ukimwuliza vizuri, mara nyingi tumbo lilitangulia." Nami nilimwamini zaidi kwa lile neno sijui. Mwalimu wako wa Ouani amewahi kulisema?

Najua unachofikiri juu ya Halima. Alimtaka Anziza kwa mwanawe, tukamkatalia. Ndiyo, alinuna. Alinuna Ramadhani nzima, hata futari alinipitishia mlangoni bila kunitazama. Kununa anajua wifi yangu. Lakini paja lile hakulitoa yeye. Mtoto alilichukua kwa mkono wake, na Halima akamkimbiza na upawa asile. Mtu anayetaka kudhuru hamkimbizi mtu asile, kaka. Wewe ulikuwepo, ulicheka hata ukakalia mto wa bibi harusi. Nasikia unataka kusomesha Halbadiri ajulikane aliyefanya. Usisomeshe. Aliyefanya ni mdudu, naye ameshakufa.

Sasa sikia hali ilivyo leo, na hapa soma taratibu.

Ugonjwa huu unapanda. Ulianza nyayoni, ukaja magotini, ukaja mikononi. Kijiko hashiki. Jicho la kushoto halifumbi vizuri, tunalifunika kwa kitambaa safi akilala. Na sasa uko kifuani. Daktari anaogopa pumzi. Iko mashine ya kumpumulia mtu, lakini hapa haipo, iko Reunion, na kumpeleka huko ni karatasi juu ya karatasi na ruhusa juu ya ruhusa, na daktari anahangaikia lakini bado hajajibiwa. Kwa hiyo kila asubuhi anampima kwa namna yake. Alitaka ahesabu kwa Kifaransa kwa pumzi moja. Anziza akasema Kifaransa kinamchosha, atasoma Alhamdu. Mwanzoni aliimaliza yote na pumzi ikabaki. Halafu ikawa anakatikia kwenye iyyaka naabudu. Jana alikatikia maliki yaumi ddin, akanitazama, nami nikajidai natafuta mtandio. Leo asubuhi akakatikia pale pale pa jana. Daktari akasema kusimama pale pale si habari mbaya, kwamba ugonjwa huu ukifika juu unasimama, kisha unashuka njia ile ile uliyopandia, polepole, kwa miezi. Wengi wanatembea tena, anasema. Lakini kama kesho atakatikia kabla ya hapo… akarudisha kinyundo chake mfukoni.

Basi unataka kumweka mtoto huyu kwenye ndege, kichwa hakikai shingoni? Nani atampumulia hewani? Wewe?

Na kombe la mwalimu, hayo maji ya aya za kunywa. Juzi nilimpa maji kijiko kimoja, yakaenda njia isiyo yake, akageuka rangi mbele yangu, midomo kama zambarau. Muuguzi ndiye aliyemwokoa. Sasa analishwa kwa mpira uliopita puani. Ukimnywesha kombe, kaka, litaingia mapafuni. Maneno ya Mungu hayana kosa, koo ndilo halipitishi. Kwa hiyo nakuomba hivi: mwambie mwalimu asome huko huko, na hilo kombe ulilete wewe mwenyewe kwenye chupa. Nitampaka usoni na miguuni, kila siku, mpaka liishe. Hilo sikukatazi. Hilo nalitaka.

Nikwambie na ya Halima, kisha ninyamaze. Baada ya maneno yako kutangazwa pale ukumbini, aliweka beseni chini, akanawa mikono, akatoka kukaa kwenye benchi la nje. Wifi yangu huyu ndiye anayemgeuza mtoto asiote vidonda. Ndiye anayemsukumia nyayo juu, moja baada ya moja, zisijikunje, kama daktari alivyomwonyesha, na mafuta ya nazi anayapika mwenyewe nyumbani kwangu. Na anamwimbia zile nyimbo za harusi, zile zisizofaa, mpaka kizee wa kitanda cha pili anaitikia. Jana akakaa benchi hana kazi, mikono mapajani. Anziza kwa ile sauti yake iliyobaki, nyembamba, akauliza, "Shangazi kaenda wapi? Mguu wangu umelala vibaya." Nikatoka kumwita. Akasema, "Kakaako kasema nisiguse." Nikamwambia, "Kakaangu yuko Mutsamudu. Mguu uko hapa." Akafuta pua kwa upindo wa buibui, akaingia.

Sasa lililobaki ni zito kwangu. Wewe ni mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Baba yake yuko kwenye meli za watu, sijui bandari gani leo, na hata angekuwepo angekungoja wewe useme. Mimi tangu nijijue sijakwambia hapana. Uliponichagulia mume nilisema ndiyo. Uliposema turudi kutoka Unguja nilifunga mzigo. Uliposema nije Moroni kushona, nikaja. Leo nasema hapana. Nimekwenda kwa muuguzi mkubwa nimemwambia, mtoto huyu hatolewi kitandani na mtu yeyote bila neno langu, hata akija ndugu yangu wa tumbo moja. Akaniuliza jina lako akaliandika. Nililia nilipolitaja, lakini nililitaja. Nikasirikie ukitaka, uninunie mwaka, nitakuja kukuomba radhi kwa magoti. Lakini nije nikiwa na mtoto.

Nifikishie salamu. Mama umbusu mikono yote miwili, umwambie nikisema Anziza anaendelea, aniamini, asimwage machozi kwenye kifua kile kibovu. Wifi yangu Mama Rukia, nguo yake nimeikata, mikono bado. Rukia na mumewe, Mungu awape maelewano, na wasijione wana kosa kwa sababu ilikuwa harusi yao. Mwalimu wetu wa chuo watoto wake waendelee kumwombea. Jirani yetu muuza mikate, yule anayemwita Anziza mke mwenza, umsalimie nawe hujui kwa nini, yeye anajua.

Anziza mwenyewe anakupa shikamoo. Anasema, mjomba akija asilie mbele yangu, maana siwezi kumfuta.

Mimi Jumamosi siwezi kutoka kitandani kwake, kwa hiyo atakayekuja kukupokea uwanja wa ndege ni Halima. Utamwona, atasimama mbali, mwisho wa watu wote, kwa kukuogopa. Kaka yangu, mfuate wewe. Mpe mkono wewe kwanza.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Mwanaesha, mama yake Anziza